Tasfida ya ‘huku chini’ inavyowaponza wavulana wetu

MSOMAJI mmoja wa ukumbi huu, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya bweni ya wavulana upande wa Molo, ameniandikia akiniuliza swali ambalo ukilitazama juujuu utadhani ni la istilahi tu. Anasimulia kwamba mwanafunzi wake aliamka usiku wa manane akiwa na maumivu makali. Mwalimu wa zamu alipomuuliza kinachomsumbua, alijibu: “Mwalimu, ni tumbo.” Akapewa dawa ya tumbo. Asubuhi alitapika, akapewa dawa nyingine. Jioni ya siku ya pili ndipo alipomnong’onezea mwenzake wa kitanda cha juu kwamba hasa panapouma si tumboni, “ni huku chini.” Alipofikishwa hospitalini, afisa wa kliniki alimkagua, kisha akamgeukia mwalimu na kumwambia kwa mseto wa Kiswahili na Kiingereza kwamba “ile refleksi haiko.” Mvulana akafanyiwa upasuaji usiku huo. Korodani moja ilikuwa imekwisha kufa. Ikatolewa.

Swali la mwalimu ni hili: “Profesa, hiyo refleksi inaitwaje kwa Kiswahili, ili nami niwaeleze wanafunzi wangu?”

Nitamjibu. Hata hivyo, ninaomba nianze kwa kusema kwamba upungufu wa istilahi ulikuwa wa mwisho katika mlolongo wa mapungufu ya siku ile. Kabla afisa wa kliniki hajakosa jina la Kiswahili la alichokuwa akikitafuta, mvulana mwenyewe alikuwa amekosa neno la kumwambia mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu alikuwa amekosa swali la kumuuliza mvulana. Watu watatu wanaozungumza Kiswahili kila siku waliishiwa na Kiswahili palepale kilipohitajika. Hilo ndilo ninalotaka kulihakiki leo.

Kwanza, jambo lenyewe

Mwili wa binadamu una miitiko asiyoiamua mwenyewe. Daktari akikugonga kwa kinyundo chini ya goti, mguu huruka kabla hujafikiri. Mwitiko huo ni wa ndani, kwa kuwa kinachoguswa ni kano ya msuli. Ipo miitiko mingine inayoanzia kwenye ngozi. Ukikwaruzwa wayo, vidole vya mguu hujikunja. Na mwanamume akipapaswa kwa wepesi upande wa ndani wa paja, sehemu ya juu, korodani ya upande huohuo hunyanyuka ghafla, kisha ikashuka. Habari ya mpapaso huingia kwenye uti wa mgongo kupitia neva za paja na kinena, ikafika kwenye neva ya kwanza na ya pili za kiuno, na amri ikarudi kwa msuli mwembamba unaoizunguka kamba ya korodani. Ubongo hauombwi ruhusa.

Msuli huo ndio huohuo unaoivuta korodani karibu na mwili wakati wa baridi au woga na kuiachilia wakati wa joto, maana mbegu za uzazi hutengenezwa vyema katika joto lililo chini kidogo ya lile la mwili. Mtu aliyewahi kuoga maji baridi alfajiri ya Julai huku Njoro hahitaji kufundishwa.

Umuhimu wake wa kitabibu ni upi? Korodani hushikiliwa na kamba yenye mishipa ya damu, neva na mrija wa mbegu, mfano wa parachichi linaloning’inia kwa kikonyo chake. Kwa baadhi ya wavulana korodani haikushikizwa vizuri ndani ya mfuko wake, hivyo yaweza kuzunguka. Ikizunguka, kamba hujisokota, damu ikazuiwa kupita, na korodani ikaanza kufa. Hali hii huwapata zaidi wavulana wa kati ya miaka 12 na 18, ingawa yaweza kumpata hata mtoto mchanga au mtu mzima. Mara nyingi huanza mtu akiwa usingizini, bila kupigwa wala kuanguka. Vitabu vya upasuaji hukadiria kwamba korodani ikisokotolewa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, zaidi ya asilimia 90 huokolewa. Kufikia saa 12 ni kama nusu. Baada ya saa 24 ni chini ya asilimia 10.

Korodani iliyojisokota kwa kawaida hainyanyuki paja linapopapaswa. Mwaka 1984 daktari Rabinowitz alichapisha katika jarida la urolojia la Marekani makala iliyoonyesha jinsi kukosekana kwa mwitiko huu kunavyoandamana na msokoto kwa wavulana wenye uvimbe wa ghafla. Tangu hapo ukawa miongoni mwa mambo ambayo kila mwanafunzi wa utabibu hufundishwa kuyatafuta. Utafiti wa baadaye umeupunguzia makali. Wapo waliopatikana na msokoto ilhali mwitiko upo, na wapo wazima wasio na mwitiko huo, hususan watoto wa chini ya miaka miwili na watu walioumia neva au uti wa mgongo. Katika kipimo cha alama 7 kilichopendekezwa mwaka 2013 na madaktari wa Brazil wakiongozwa na Barbosa, uvimbe una alama 2, korodani kuwa ngumu alama 2, kukosekana kwa mwitiko alama 1, kichefuchefu au kutapika alama 1, na korodani kukaa juu kuliko kawaida alama 1. Mwitiko ni shahidi mmoja kati ya watano. Lakini ni shahidi asiyehitaji mashine wala umeme. Katika zahanati iliyo mbali na mji, penye muuguzi mmoja na taa ya sola, hilo si jambo dogo.

Kati ya tusi na kimya

Turudi kwa yule mvulana. Je, alidanganya aliposema “tumbo”? La. Korodani huanzia tumboni mtoto akiwa bado hajazaliwa, kisha zikashuka, na neva zake huendelea kulitegemea tumbo. Ndiyo maana maumivu yake mara nyingi husikika chini ya kitovu, na ndiyo maana mgonjwa hutapika. Neno “tumbo” lilikuwa nusu ya kweli. Kilichotokea ni kwamba mvulana aliing’ang’ania ile nusu yenye heshima na kuiacha nusu yenye aibu.

Kiswahili kina jina la tabia hii: tasfida, au tafsida kama wasemavyo wengine. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba tasfida ni adabu ya lugha, na ni kweli. Mtu hasemi mbele ya wakwe zake kila kitu jinsi kilivyo. Ninachokilalamikia ni kwamba katika vitabu vyetu vya kiada tasfida huorodheshwa kama visawe vya kukariri, neno kali huku, neno pole kule, bila kuelezwa inavyofanya kazi. Tasfida hufanya kazi kwa sharti moja: msikilizaji awe anakijua kilichofichwa. Mtu akisema “mzee ametuacha” hakuna anayeuliza ameelekea wapi. Sharti hilo likikosekana, tasfida huacha kuwa adabu, ikawa fumbo.

Sasa litazame eneo letu. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, ni mahali ambapo Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii, Mluhya, Mjaluo, Mturkana na Mmaasai hukutana, na wanapokutana husema Kiswahili. Mvulana ni wa Kuresoi, mwalimu wa zamu ni wa Bahati, muuguzi ametoka Kisii. Kila mmoja ana tasfida za kwao, alizozinyonya pamoja na lugha ya mama, na kila mmoja huzitafsiri kimoyomoyo anapozungumza. “Huku chini” ya mmoja ni kinena, ya mwingine ni haja ndogo, ya wa tatu ni magonjwa ya zinaa. Nimewahi kumsikia mzazi kwenye foleni akimwambia muuguzi, “Kijana ako na ile shida ya wanaume,” naye muuguzi akaandika kitu kwenye kadi. Sijui aliandika nini, wala sidhani mzazi alijua.

Ichunguze pia ile iliyozoeleka zaidi katika redio na magazeti yetu, “sehemu za siri.” Kisarufi ni wingi usiohesabika: hujui ni sehemu gani wala ni ngapi. Kimaana, inabeba amri ndani yake. Tukimwambia mtoto tangu chekechea kwamba mahali hapo panaitwa siri, tunashangaa nini anapoitunza siri hiyo kwa siku mbili akiwa anateseka? Hakuna kiungo kingine cha mwili kinachoitwa kwa agizo la kunyamaza.

Kuna watakaosema kwamba watoto wa siku hizi hawana aibu hiyo na kwamba wanayajua maneno yote. Ni kweli wanayajua. Wasikilize uwanjani au kwenye kituo cha matatu. Watasema “makende.” Watasema “mbupu,” ambalo ni pumbu lililogeuzwa silabi kwa mtindo wa Sheng’. Ubunifu huo unanivutia kama mwanaisimu, kwa sababu unafichua kitu. Kijana ameligeuza neno ambalo kwa hakika ni la Kiswahili cha kale na cha kawaida kabisa, ili alitumie bila kuadhibiwa. Hakukosa neno. Alikosa neno lenye ruhusa.

Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki wangu. Kwa sehemu hii ya mwili, Kiswahili cha bara kimebaki na rejista mbili tu. Ipo ya mtaani, ambayo mvulana akiitumia mbele ya mwalimu atapigwa kofi au atachekwa. Ipo ya darasani, ambayo ni kimya kilichovikwa nguo. Ile ya katikati, ambayo mtu anaweza kuitumia mbele ya mama yake, daktari na kasisi bila mmoja wao kukunja uso, hatukuijenga. Na maumivu humkuta mtu palepale katikati.

Pwani hawakuwa hivi

Huenda ukadhani kwamba Kiswahili chenyewe ndicho chenye haya. Sivyo. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, ambako mbu hueneza vijidudu vinavyovimbisha miguu na mifuko ya korodani, watu wana neno la wazi: busha, wingi mabusha. Wana pia ngirimaji, yaani maji yaliyojaa kwenye mfuko huo, na ngiri, yaani utumbo unaopenya mahali usipostahili. Kampeni za afya za Tanzania dhidi ya ugonjwa huo huzungumza hadharani kuhusu “matende na mabusha,” na hakuna anayeziona kuwa chafu. Ugonjwa ulikuwa mwingi na unaonekana, kwa hiyo lugha ililazimika kuwa na neno la kuusema barazani.

Sisi wa huku juu tulikipokea Kiswahili bila maneno hayo. Mwambie mzazi wa Lanet kwamba mwanawe ana ngiri, atakumbuka yule mnyama mwenye pembe za mdomo anayepiga magoti akila nyasi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Tulikichukua Kiswahili shuleni, sokoni na kwenye mashamba ya walowezi, mahali ambapo mwili ulitajwa kwa ajili ya kazi: mikono, mgongo, miguu. Kiswahili cha chumbani na cha mganga kilibaki pwani. Si dhambi ya mtu yeyote. Lakini ni pengo, na pengo huzibwa.

Korodani ni nini hasa?

Pengo hilo lina upande wa kitaalamu pia. Tunayo maneno matatu yanayotumiwa kama visawe: korodani, pumbu na kende. Katika matumizi ya kila siku, kila moja hutumiwa kwa mfuko wa ngozi na vilevile kwa kilichomo ndani ya mfuko huo. Katika mazungumzo ya kawaida hasara ni ndogo. Katika chumba cha daktari ni kubwa.

Nitaeleza kwa nini. Mfuko una msuli wake ulio chini ya ngozi. Baridi ikipiga, msuli huo huikunja ngozi, ikawa na makunyanzi. Huo si mwitiko tunaouzungumzia. Tunaouzungumzia ni wa msuli mwingine, unaoivuta tezi yenyewe juu. Mkaguzi asiye makini anaweza kuona ngozi ikijikunja na kuandika kwamba mwitiko upo, kumbe tezi haikutikisika. Sasa mwulize kwa Kiswahili chetu cha sasa: “Korodani imesogea?” Atajibu “ndiyo,” naye atakuwa sahihi kwa maana moja na amekosea kwa ile yenye kuokoa. Lugha isiyotenganisha mfuko na kilichomo haiwezi kuuliza swali hilo.

Pendekezo langu ni kufuata pale matumizi ya waandishi wengi wa masuala ya afya yanapoelekea: korodani iwe tezi, na mfuko uitwe mfuko wa korodani. Pumbu na kende yabaki kuwa visawe vyake visivyo na hatia, na watunzi wa kamusi waseme waziwazi kipi ni kipi. Tangu kamusi ya Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015, idadi ya vidahizo imeongezeka maradufu na zaidi. Sasa tunahitaji mipaka ya maana kuliko wingi wa visawe.

Jina la mwitiko

Sasa nimjibu mwalimu wangu wa Molo. Wanaistilahi wetu wengi hutumia vigezo tisa vilivyopendekezwa na Kiingi wa Uganda, vinavyofupishwa kuwa PEGITOSCA: usahihi, uwekevu, uzalishaji, ukimataifa, uwazi, kutokuwa na matusi, utaratibu, uthabiti na kukubalika. Nimevifundisha vigezo hivi kwa miaka mingi na ninaviheshimu. Ila kile cha sita hunitia wasiwasi kila tunapofika kwenye mwili wa binadamu. Tusi halimo ndani ya sauti za neno. Limo katika namna ya kulitumia. Tukilikataa neno kwa kuwa walevi hulitumia kutukanana, tunawakabidhi walevi mamlaka ya kuamua mgonjwa aseme nini.

Chaguo la kwanza ni kukopa: refleksi ya kremasta. Lina usahihi na ukimataifa, na daktari wa Nakuru ataelewana na wa Mumbai. Lakini kwa mzazi ni sauti tupu.

Chaguo la pili ni kutafsiri shina. Kremasta linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutundika au kuning’iniza. Tungepata “mwitiko wa msuli-ning’inizi.” Hii ndiyo njia inayopendwa na wengi wetu vyuoni kwa sababu inaonyesha kwamba tumesoma. Kasoro yake ni kwamba inatafsiri fikra ya Mgiriki kuhusu kazi ya msuli ukiwa umetulia, ilhali mkaguzi anatafuta kile ambacho msuli hufanya ukishtuliwa.

Kuna pia mtego wa kuiita miitiko ya aina hii “miitiko ya juujuu,” kama Kiingereza kinavyofanya kwa kuwa huanzia kwenye ngozi. Katika Kiswahili, jambo la juujuu ni jambo lisilo na uzito, lililofanywa kwa pupa. Mwanafunzi wa uuguzi akiambiwa achunguze “mwitiko wa juujuu,” ataukagua juujuu. Tuiite miitiko ya ngozini.

Chaguo la tatu ni kutaja kinachoonekana. Nililijaribu “mpando wa korodani,” lakini huku Njoro tunakolima ngano, kupanda kuna maana nyingine iliyo karibu zaidi. “Mwinuko” ni kilima. Nikabakia na “mnyanyuko wa korodani.” Ni jina fupi, linatokana na kitenzi ambacho kila mtoto anakijua, na linazalisha sentensi: inanyanyuka, hainyanyuki, ilinyanyuka upande wa kulia pekee. Aidha, linatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo daktari lazima ayatenganishe. Korodani iliyojisokota mara nyingi hukaa juu kuliko kawaida, kwa kuwa kamba imefupishwa na msokoto. Kwa hiyo “iko juu, lakini hainyanyuki.” Ya kwanza ni hali, ya pili ni tendo. Kiswahili kinaieleza tofauti hiyo kwa maneno manne tu, na mama yeyote anaielewa.

Ugonjwa wenyewe tuuite msokoto wa korodani. Neno msokoto tayari limo katika utabibu wetu wa nyumbani, kwa kuwa tumesema “msokoto wa tumbo” tangu zamani. Mvulana anayesema “tumbo linanisokota” na aulizwe swali la pili kwa neno lilelile: “Na korodani je?”

Pingamizi

Najua nitakaloambiwa. La kwanza: daktari atatumia Kiingereza tu, kwa hiyo istilahi ya Kiswahili ni kazi bure. Lakini daktari huja mwisho. Saa sita zile hupotea bwenini, nyumbani na kwenye bodaboda, mahali ambapo Kiingereza cha hospitalini hakijafika. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na cha 43 kikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivyo viwili havijakutana bado. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 wanaotembea nyumba kwa nyumba. Wengi wao hufanya kazi kwa Kiswahili au kwa lugha za mama. Tumewapa mikoba na vipimo. Tuwape na sentensi.

La pili: je, huku si kufundisha watoto utovu wa adabu? Waswahili wenyewe walikwisha kulijibu: mficha uchi hazai. Methali hiyo kwa kawaida tunaifafanua kama fumbo kuhusu mtu anayeficha shida zake akakosa msaada. Ni ufafanuzi mzuri, lakini katika jambo hili methali inasema neno kwa neno. Niseme ukweli wote, kwamba anayepoteza korodani moja kwa kawaida huweza kuzaa kwa ile iliyosalia. Lakini mvulana wa miaka kumi na mitano anayeamka hospitalini na kuambiwa kwamba moja imetolewa hafarijiwi na takwimu.

La tatu ni zito zaidi, nalo latoka kwa wazee. Katika jamii nyingi za Bonde la Ufa, mvulana hutahiriwa katika umri uleule ambao msokoto huwapata wengi. Hufundishwa kwamba mwanamume hulikabili kali bila kupepesa jicho. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Nami nililelewa nayo. Lakini maumivu ya jandoni yana siku yake, yana mlezi wake na yana mwisho unaojulikana. Maumivu yanayomshika mtu usingizini hayana mlezi. Wasimamizi wa jando ndio walimu ambao wavulana huwasikiliza kuliko sisi wa madarasani, na huko jandoni mwili hutajwa bila haya. Ndio wanaofaa zaidi kuongeza fundisho moja kwenye yale ya kale: maumivu ya ghafla ya korodani si mtihani wa uanaume, na anayeyasema upesi hajashindwa.

Ninaomba pia nisieleweke vibaya. Sisemi walimu, matroni au wazazi waanze kuwapapasa watoto mapaja ili wautafute mnyanyuko. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, ndani ya chumba cha ukaguzi, kwa idhini ya mgonjwa. Isitoshe, mnyanyuko ukiwepo haumwondolei mtu hatari. Mvulana mwenye maumivu ya ghafla apelekwe hospitalini, iwe ananyanyukwa au hanyanyukwi. Mnyanyuko ni neno la afisa wa kliniki kumweleza mzazi kwa nini hawezi kungoja hadi kesho. Neno la kila mtu ni korodani.

Kwa upande wetu wa vyuoni, kazi ipo na haiko mbali. Chuo Kikuu cha Egerton kina wanafunzi wa Kiswahili Njoro na wanafunzi wa utabibu mjini Nakuru, mwendo mfupi wa matatu. Wa kwanza huandika tasnifu kuhusu uundaji wa istilahi za kompyuta. Wa pili huuliza wagonjwa maswali kwa Kiswahili cha kubahatisha. Ningefurahi kusoma tasnifu moja iliyoandikwa baada ya mtafiti kuketi miezi mitatu akisikiliza jinsi wavulana wa Rongai, Elburgon na Gilgil wanavyoyaeleza maumivu yao, na jinsi wauguzi wanavyowaelewa au kutowaelewa. Tasnifu hiyo ingekuwa na matumizi kabla haijafungwa jalada.

Mwalimu wa Molo hahitaji kuingoja. Katika gwaride la Jumatatu, au katika kipindi cha msamiati wa viungo vya mwili, baada ya koo, kifua na figo, anaweza kuandika ubaoni korodani, akalitamka kwa sauti ileile aliyotumia kutamka figo, kisha akawaambia wavulana: “Korodani ikikuuma ghafla, hata usiku, mwamshe mwalimu wa zamu na umwambie hivyo, kwa neno hilo.” Watacheka siku ya kwanza. Awaache wacheke, kisha awaambie walirudie wote pamoja.